Nusu Hatua ya Wanyoike

Ukitaka kumjua Patrobas Owuor, usiwaulize watu wa Mbotela. Watakwambia ni yule mshika kibendera aliyeuza nchi. Watakuonyesha mlango wake, wa tatu kutoka kwenye bomba la maji, kisha watakusimulia bao la Wanyoike kana kwamba walikuwa wamesimama naye pale pale mstarini, hali wengi wao siku hiyo walitazama mechi kwenye simu iliyokuwa ikikatakata. Mtaa huu umejaa marefa. Wachezaji ndio waliopungua.

Patrobas ana miaka arobaini na tisa. Kazi yake ni kusoma mita za maji Donholm na mitaa ya karibu, geti hadi geti, kwa miguu. Ni mtu wa kupiga magoti kwenye tope ili aione tarakimu ya mwisho, ile ambayo wenzake huikisia. Mkewe, Phelister, humcheka kwamba hata chumvi huitia kwenye mboga kama mtu anayesimamiwa. Kwa zaidi ya miaka ishirini, wikendi zake zilikuwa za kibendera: kwanza viwanja vya vumbi, halafu ligi, na alipotimiza arobaini akapewa beji ya mechi za kimataifa. Mbotela nzima ilisherehekea. Hata wanaomtukana leo walikula pilau yake siku hiyo.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Waruguru, jirani wa mlango unaofuata. Waruguru hushona sare za shule, cherehani yake ikiwa barazani tangu asubuhi. Vibendera vyote ambavyo Patrobas amewahi kutumia kwenye mechi za mtaani vimeshonwa na mama huyu, kwa vipande vyekundu na vya njano vinavyobaki kwenye kazi yake. Hajawahi kumtoza hata shilingi. Mwanawe wa pekee, Wanyoike, alikulia kwenye uchochoro ulio kati ya nyumba hizo mbili, na vioo viwili vya Phelister vilivunjwa kwa mashuti yake. Alikuwa na mbio za kutisha. Akiwa na miaka ishirini aliitwa timu ya taifa.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ilikuwa nusu fainali ya kombe la kanda, miaka mitano iliyopita, hapa hapa Nairobi. Kenya ilikuwa inacheza na jirani. Mechi kama hiyo husimamiwa na watu wa nchi nyingine, lakini mshika kibendera mmoja mgeni aliamka na tumbo la kuendesha, na akiba aliyekuwa karibu alikuwa Patrobas. Timu ya wageni ilikubali kwa shingo upande. Saa nne asubuhi kocha wao alikuwa redioni akilalamika: uwanja ni wao, mashabiki ni wao, sasa na kibendera ni chao. Msimamizi wa mechi akamwita Patrobas pembeni na kumwambia maneno machache tu: "Leo wanakutazama wewe." Afadhali asingesema kitu.

Watu hudhani kazi ya kibendera ni ya macho peke yake. Nusu yake ni masikio. Macho unayaweka kwa beki wa mwisho, na mguu wa anayetoa pasi unausikiliza, maana jicho haliwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Ukisikia mpira umepigwa, papo hapo unapiga picha kichwani: nani yuko wapi. Picha ikiwa na ukungu, mkono unabaki chini. Shaka yote humfaidi mshambulizi. Patrobas alikuwa amefundishwa hivyo, naye amewafundisha vijana wengi hivyo hivyo.

Dakika ya themanini na nane, sifuri kwa sifuri, uwanja ukipuliza mavuvuzela mpaka mtu hasikii mawazo yake, pasi ilipigwa. Patrobas hakuusikia mguu. Alichoona ni Wanyoike tayari yuko mbele, mbio zile zile za uchochoroni, kipa anaanguka upande mmoja na mpira unaingia upande mwingine. Picha haikuwepo kabisa. Palikuwa na ukungu mtupu, na ndani ya ukungu huo sauti ya yule kocha redioni. Akaona watakavyosema: Mkenya, jirani wa mfungaji, mlango kwa mlango, ameacha bao lipite.

Mkono ukapanda.

Wageni walifunga katika muda wa nyongeza, Kenya ikatoka. Uwanja ule haukuwa na mashine za kurudia picha, na kamera iliyorusha mechi ilikuwa mbali mno, hivyo hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote, jambo ambalo halikumzuia mtu yeyote kuwa na uhakika. Kesho yake ukuta wa Patrobas uliandikwa kwa mkaa: MSALITI. Wengine wakayachukua majina mawili, Owuor na Wanyoike, wakayaunganisha kwa ule ujinga wetu wa siku zote wa kuulizana nani ni wa kabila gani. Phelister alitukanwa sokoni. Binti yao Whitney alikataa kwenda shule wiki nzima. Mwaka uliofuata beji haikurudi, na hakuna aliyemwandikia kumwambia kwa nini.

Yote hayo Patrobas angeyabeba. Ni mtu mgumu. Lakini siku ya tatu baada ya mechi Wanyoike alibisha mlango, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono katikati ya magoti.

"Mzee, sijakuja kwa ubaya," alisema. "Nataka tu kujua. Nilikuwa nimeotea?"

Kijana alikuwa ameuliza kwa heshima kabisa. Patrobas angeweza kusema: sijui, sikuona, niliogopa. Maneno matatu tu. Akafikiria ukuta wake, akafikiria miaka yote ya kupiga magoti kwenye tope, akaona kwamba akikiri hili hatabaki na kitu.

"Ulizidi," alisema. "Kwa bega. Ulitoka mapema, nusu hatua hivi."

"Nusu hatua."

"Nusu hatua."

Wanyoike aliitikia kwa kichwa polepole, akashukuru, akaenda zake. Na tangu siku hiyo Waruguru akawa wakili wa Patrobas. Kinyozi Javan alipomwita "mzee wa kuuza mechi" mbele ya wateja, Waruguru alivuka barabara na sindano ikiwa bado imechomwa kwenye kola yake.

"Wewe Javan, ni mtoto wa nani aliyenyimwa bao? Wako?"

"Si wangu, mathe, lakini..."

"Basi nyamaza. Mimi ndiye mama yake na sina neno. Baba Whitney aliona alichoona. Kijana alikosea, amekubali, anajirekebisha. Wewe nyoa watu."

Javan alinyamaza, lakini mlango ulipofungwa alimgeukia mteja wake. "Hawa maref wote ni wale wale, bro. Hata kule majuu. Timu kubwa haiwezi nyimwa goli hivyo." Na mazungumzo yakaenda kwenye mechi za nje, penalti za miaka iliyopita, nani alipendelewa na nani alidhulumiwa. Ndivyo watu wanavyojifariji mtaani. Mtu hawezi kumpinga mwajiri wake wala mwenye nyumba wake, lakini refa wa mbali anaweza kumlaani bure.

Patrobas alipoambiwa jinsi Waruguru alivyomtetea, hakula chakula cha jioni.

Miaka ikapita. Wanyoike aliachwa timu ya taifa, halafu klabu yake ikamweka benchi, halafu ikamwacha. Makocha walisema amekuwa mzito. Gazeti moja likaandika kwamba ni pombe, hali kijana hata soda haimalizi. Akapata kazi ya kupakia saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi Pipeline, na Jumapili akawa anacheza na timu ya mtaa kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya nyumba. Mechi hizo hakuna wa kuzisimamia, kwa hiyo hata msaliti hukubaliwa kushika kibendera. Wanamzomea kidogo, mchezo unaendelea.

Jumapili moja mwezi wa tano, Patrobas akiwa mstarini, aliona kitu ambacho makocha wote hawakukiona. Wanyoike hakuwa mzito hata chembe. Miguu ilikuwa ile ile. Lakini kila pasi ilipokuwa inataka kupigwa, kijana alisimama. Kidogo sana, kufumba na kufumbua. Alijizuia, akahakikisha, ndipo akakimbia, na wakati huo beki ameshageuka. Mtu wa pembeni angeona uzembe. Mtu aliyetumia miaka zaidi ya ishirini akipima mahali mshambulizi alipo wakati wa pasi aliona kipimo kamili.

Ilikuwa nusu hatua. Ile ile aliyoitunga mwenyewe kwenye kiti chake.

Patrobas alijisikia vibaya mpaka akaomba mtu amshikie kibendera. Wiki ile yote alisoma mita bila kuziona. Geti moja la Donholm alijikuta ameandika tarakimu ya kukisia, akarudi nusu kilomita kwenda kuifuta. Phelister alimuuliza anaumwa nini. Alipomwambia, mkewe alisema, "Nenda kawaambie. Na usiende kujitetea."

Jumamosi mchana alienda. Alibeba kibendera kilichochanika upindo, maana ndiyo njia aliyoizoea ya kufika pale barazani. Waruguru alikipokea bila kuangalia, mguu ukiendelea na cherehani.

"Karibu, Baba Whitney. Kiti hicho hapo."

"Mama Wanyoike, nina neno. La ile mechi."

"Achana na watu wa kinyozi."

"Si watu wa kinyozi. Ni mimi." Hakuketi. "Sikuona. Siku ile sikuona chochote. Niliogopa watasema nampendelea kijana wetu, nikainua mkono. Halafu alipokuja kuniuliza, nikamdanganya. Hakukuwa na nusu hatua. Sijui kama aliotea. Hakuna anayejua."

Cherehani ilisimama. Waruguru alikaa akiitazama sweta nyekundu iliyokuwa chini ya sindano.

"Alikuja nyumbani akaniambia, Mama, nilitoka mapema," alisema mwishowe. "Analia. Nikamwambia, basi jifunze kungoja. Kila asubuhi akienda mazoezini, ngoja, Wanyoike, ngoja kidogo. Miaka mitano. Mimi nilimwambia hivyo, Baba Whitney, kwa mdomo wangu huu. Kwa sababu wewe ulisema."

Patrobas alitamani mama huyo amtukane, kama wengine.

Wanyoike alikuwa amefika bila wao kumwona, kutoka kazini, saruji bado iko kwenye nywele. Alikuwa amesikia ya kutosha. Mama yake alimtazama, akainamisha uso. Kijana alisimama pale, mikono inaning'inia, kama aliyesahau amekuja kufanya nini.

"Kwa hivyo sikuwa nimeotea," alisema.

"Sijui, mwanangu. Huo ndio ukweli. Na kama sijui, lilikuwa bao lako."

"Sawa, mzee." Aliingia ndani. Mlangoni akageuka. "Si ungeniambia tu ile siku? Ningekasirika, ingeisha."

Kibendera kililetwa Jumapili asubuhi na mtoto wa jirani mwingine. Upindo ulikuwa umeshonwa mara mbili, vizuri, kama kawaida. Waruguru mwenyewe hakuja, na Patrobas alipopita barazani kwake akisalimia, cherehani iliendelea kunguruma.

Alikwenda uwanjani kwa sababu Wanyoike alikuwa anacheza. Alijiambia kwamba sasa kijana anajua, mguu utafunguka. Alitaka awepo auone.

Mechi ilikuwa na timu kutoka Pipeline, wamefungana bao moja moja, jua kali na vumbi. Dakika za lala salama, kiungo wa Mbotela aliinua kichwa akaona nafasi. Hapakuwa na mavuvuzela wala redio. Patrobas aliusikia mguu ukiupiga mpira, wazi kama mtu anayebisha mlango, na picha ikaja kichwani safi kabisa. Wanyoike hakuwa ameotea: beki wa mwisho alikuwa karibu na goli kuliko yeye kwa hatua mbili nzima. Akimpita beki huyo kwa mbio, mbele yake angebaki kipa peke yake.

Wanyoike akaruka mbele. Kisha akasimama, akageuza shingo, akatazama kibendera.

Kilikuwa chini, kimebanwa kwenye paja. Patrobas alikibana zaidi. Na yeye ambaye hajawahi kufungua mdomo mstarini tangu azaliwe, akapiga kelele: "Cheza! Cheza, mwanangu, cheza!"

Uwanja ulilipuka. "Kibendera ana timu!" walipayuka wa Pipeline. "Mzee ana upande!" Watu wa Mbotela wakaangua kicheko, Javan akishika mbavu. Beki alikuwa ameshaufikia mpira, akaupiga mbali juu ya mapaa ya nyumba, na wachezaji wote wakakimbilia huko.

Wote isipokuwa mmoja. Wanyoike alikuwa amesimama pale pale kwenye vumbi, bado anautazama mkono wa Patrobas.