Nguzo ya Uchochoroni na Kitanda cha Bibi

Ninachokumbuka kwanza ni harufu ya ile dawa nyeusi iliyopakwa kwenye nguzo za umeme. Ilikuwa kali kama lami ya moto, ikishika nguo haitoki, na ilituvuta sisi watoto wa mtaa wa Mirongo kuliko maandazi. Nguzo zililetwa kiangazi kimoja, Uhuru ukiwa unanukia tu, zikalazwa kando ya barabara. Tulishinda juu yake pekupeku mpaka nyayo zikawa nyeusi tii. Mimi nilikuwa mdadisi, sifichi. Nilitega sikio kwenye gogo nisikie kama umeme umo ndani. Nilimuuliza mama, nikamuuliza mwalimu wa madrasa, mwishowe nikamuuliza msimamizi wa mafundi, naye akanijibu kwamba umeme bado uko njiani. Nikaenda barabarani kuutazama ukija. Kuuliza si ujinga, lakini mama alisema kwangu mimi kumezidi.

Uchochoro wetu ulikuwa mwembamba. Upande mmoja ulikuwa ukuta wa nyumba yetu, nyumba ya Bibi mzaa mama, na upande wa pili ua wa minyaa wa Mzee Masanja, seremala. Na Mwanza, kama mjuavyo, ni mawe. Mafundi walichimba huku, sururu ikalia juu ya jabali. Wakachimba kule, jabali. Udongo laini ulipatikana mahali pamoja tu, katikati ya uchochoro, wakapigilia hapo kigingi cha kuonyesha nguzo itakaposimama. Bila nguzo ile, nyumba zote za nyuma zingebaki na vibatari vyao. Watu wakashangilia. Bibi akatoka taratibu na miguu yake iliyovimba, akakitazama kile kigingi, akauliza, “Sasa mimi nitatokea wapi?”

Mwaka ule Bibi aliugua sana, na alizungumzia kifo chake kama mtu anayejiandaa kwa safari ya kwao Tabora. Kwetu jeneza hubebwa mabegani, wanaume wawili mbele na wawili nyuma, bega kwa bega, na njia yetu ya kwenda msikitini ilikuwa ule uchochoro tu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na choo na majabali. “Sitatolewa kwa mlango wa choo kama taka,” alisema. Wahenga walinena nyumba njema si mlango. Bibi hakukubaliana nao hata kidogo. Mzee Masanja, ambaye macho yake yalikuwa yanafifia kwa kazi ya kibatari, alipandwa na hasira. “Yaani tukae gizani kwa ajili ya maiti asiyekufa bado?” Mtaa ukagawanyika. Wanawake wakaacha kuombana moto, na mama yangu mwenyewe, kimyakimya, alikuwa upande wa taa. Mimi niliwataka wote wawili, taa na Bibi, na niliona uchungu kwamba eti lazima mtu achague.

Msimamizi alipochoka na maneno, akasema tupime. Wazee wa msikiti walikataa kutoa jeneza, kwani halitembezwi tupu. Bibi akatoa kitanda chake cha kamba. Wanaume wanne wakakiinua, Masanja akiwa kona ya nyuma, na msimamizi akasimama kwenye kigingi, mikono ubavuni, akawa yeye ndiye nguzo. Walipofika kwake wakakiinamisha kitanda kidogo, kikapita. “Si kimepita?” wakasema. Bibi akatikisa kichwa. “Maiti hainamishwi. Wekeni mtu.”

Kabla hawajamtafuta, nilikuwa nimeshapanda. Mama akapiga ukelele, “Jamani, mnanichuria mwanangu!” Bibi akamwambia anyamaze, huyu ataishi mpaka awachoshe. Basi nikalala chali. Nilitaka sana kujua maiti huona nini, na ninaweza kuwaambia: huona kingo za mabati, ncha za minyaa, na kipande chembamba cha mbingu kinachokwenda nyuma. Halafu kitanda kikamgonga msimamizi mbavuni, akaguna. Wakasogea upande wa pili, minyaa ikawakwaruza. Wakarudi nyuma, wakajaribu tena, wapi! Watu walicheka mpaka wakashika viuno, kisha kicheko kikaisha chenyewe, maana kila mmoja alikuwa na mzee nyumbani kwake.

Masanja hakucheka. Akaomba mtu ashike kona yake, akaingia kwake, akatoka na panga. Alianza kukata minyaa yake mwenyewe huku ananung'unika, na mkewe akililia tuta lake la mchicha lililokuwa nyuma ya ua. Alikata mpaka ua ukapinda kuzunguka kigingi. “Pitisheni,” akasema. Tukapita bila kitanda kuinamishwa, bila kugusa mtu. Bibi akamwita “mwanangu,” akamshukuru, naye akajibu, “Shukrani baadaye, mama. Kaa kwanza uione hiyo taa.”

Bibi aliiona, akalalamika kwamba inaonyesha vumbi. Alifariki baada ya Uhuru. Jeneza lake lilipita pale bila kugusa hata jani, na Masanja, ingawa alikuwa mtu wa kanisani, alilipokea begani akalifikisha barabarani.

Leo chumba cha Bibi ni changu. Nguzo imebadilishwa, minyaa imekuwa ukuta wa matofali wenye vigae vya chupa juu, lakini ukuta huo bado umepinda pale pale, kwa sababu mafundi walifuata mpaka wa zamani. Zamani nilijua mboga ya kila jirani. Sasa namjua jirani kwa honi ya gari lake. Aliyenunua kwa kina Masanja ni kijana mwenye adabu, hunisalimu kupitia dirisha la gari. Juzi alileta mafundi waunyooshe ukuta uguse nguzo, maana ile kona inamnyima nafasi ya kuegesha. Ni kiwanja chake, sibishi. Nilichukua mkongojo nikaenda kusimama kwenye ile kona.

“Shikamoo, mama,” akasema. “Kwani hapo unataka kupitisha nini, na gari huna?”

“Marahaba. Mimi mwenyewe.”

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaitazama nguzo, akautazama mlango wangu, akawaambia mafundi waende kwanza wakanywe chai. Hawajarudi bado, nami kila asubuhi nachungulia.