Somo la Kumtazama Bosi Machoni

Mwalimu wa chuo cha makarani, Bugolobi, alikuwa na kawaida ya kukaza tai kwa vidole vyenye chaki, hata fundo likawa jeupe. Kila siku, kwa sauti nzito, somo lilelile: mbele ya mwajiri simama wima, mtazame machoni, usicheke ovyo. Sauti hiyo ilikuwa ya darasani tu. Nyumbani, alijua mwenyewe, hata kuku hawakumwogopa. Siku meja aliyepewa kiwanda cha Wahindi waliofukuzwa nchini alipokuja kutafuta makarani, mwalimu alijikuta ameinama, ameshika tumbo, macho kwenye buti za meja, akichekea mzaha wake hata kabla haujaisha. Kugeuka, darasa zima limeinama vivyo hivyo, linacheka.

“Mwalimu,” meja akasema, “hawa umefundisha muzuri sana.”

Naye, bila haya, akakaza tai.