Chumvi Niliyomficha Mama

Juzi sokoni Mwanjelwa nilimwona mwanamke akilamba chumvi kiganjani, nikamkumbuka mama kule Iringa. Nilipokuwa mtoto, mama alikuwa amekonda, amekuwa mweusi mpaka kwenye fizi, na kutwa alilamba chumvi. Nilidhani chumvi ndiyo inayomuunguza, nikaificha kwenye gunia la magunzi. Siku ya tatu mchana akaanguka jikoni, harufu ya ugali ulioungua ikajaa nyumba nzima.

Hospitalini daktari aliuliza, "Mama anapenda chumvi?"

Nikalia. "Anailamba. Mimi nimeificha."

Daktari akachuchumaa. "Umenisaidia kuutambua ugonjwa, mwanangu. Tezi zake za juu ya figo zimechoka, mwili unapoteza chumvi. Ni ugonjwa adimu, ila dawa ipo."

Nilidhani ananibembeleza tu. Kumbe alisema kweli: mama alimeza vidonge miaka yote, na siku ya harusi yangu alicheza mpaka kiatu kikakatika.