Mfereji tuliochimba kwa kiu hapa Ikolo, ukaja kutuletea vyoo kisimani

Wakuu, mugonile. Huku Kyela ndiyo tunavyosalimiana, tunaulizana mmelalaje. Mimi nimelala vibaya, ila hii nawapa ilivyo, bila chumvi.

Naishi Ikolo, kwenye migomba na kakao. Kisima chetu kinategemewa na nyumba nyingi.

Mwaka ule jua liligoma kuondoka. Ndoo inashuka kisimani, inarudi na mchanga.

Kakao nayo ilizaa vitunda kama ngumi ya mtoto. Hiyo tuiache, nikianza kakao hatumalizi leo.

Basi jirani yangu Ambakisye akasema tuchimbe mfereji kutoka mtoni mpaka karibu na kisima, maji yajipenyeze chini kwa chini. Tukachimba, wanawake kwa wanaume.

Ukafanya kazi kweli. Kisima kikarudi. Ambakisye akipita njiani watu wanamshukuru, "Ndaga fijo." Kidogo agombee udiwani.

Halafu mvua. Ikapiga kwetu, ikapiga na kule juu Rungwe. Ardhi imekuwa ngumu kama sakafu, hainywi kitu. Na Mwera, huu upepo wa kusini, unasukuma ziwa kuja kwetu. Mto ukakosa pa kumwagia, ukageuza.

Uligeuzia kwenye mfereji wetu. Ukazoa vyoo vya bondeni, ukaviingiza kisimani.

Mafuriko yalipotulia kisima kilijaa mpaka mdomoni.

Sasa wakuu, huku tuna vyungu vya Wakisi. Maji ukiyaacha humo usiku kucha yanakuwa ya baridi, meupe kabisa. Tunasema "yamelala", yaani kunywa tu. Na kuni zote zimelowa, nani achemshe? Tukanywa yaliyolala.

Mke wangu Tusekile ndiye aliyeanza kuharisha. Ambakisye alipokuja kumjulia hali, Tusekile akamwambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, mfereji wako mzuri. Umefika mpaka tumboni."

Tulicheka, lakini macho yake yalishaingia ndani. Tukampeleka zahanati kwa mtumbwi, tunakatiza juu ya mashamba ya mpunga. Drip ndiyo iliyomrudisha.

Mfereji tukaufukia.

Nilichojifunza ni kwamba tulipochimba tulifikiria jua peke yake, kama vile mvua haiji tena. Na maji kulala si kupona. Yachemsheni.

Ila serious, sijui kama kujifunza kunasaidia. Jua limerudi. Kisima ni tope tena. Tusekile anafuata maji mbali, na nguvu zake hazijarudi zote.

Jana Ambakisye kasimama mlangoni na jembe begani.

"Mzee mwenzangu, tuufukue?"

Nikamtazama Tusekile, yeye ndiye aliyeumwa. Akajitwika ndoo, akatoka.

Ambakisye bado anasubiri jibu langu. Wakuu mnaoishi mabondeni, nimwambie nini?