Nyota ya Mke Wangu

Mke wangu alifia jikoni, Ngamiani, nyumba ilipotuangukia adhuhuri. Mimi nilitolewa chini ya mlango nikiwa hai, mguu umevunjika. Mwenye nyumba alikuwa amepandisha ghorofa juu ya kuta za udongo na mawe alizoachiwa na babu yake. Fundi alitumia mchanga wa pwani, wenye chumvi, akijua. Bwana wa manispaa alikuja, akazitazama nyufa, akanywa soda, akaondoka. Hao ndio watatu.

Lakini matangani kila mtu alisema, "Nyota yake ilizimika." Kwetu nyota ya mtu ndiyo bahati yake, ikizimika, hakuna wa kulaumiwa. Mwenye nyumba akalidaka neno hilo. Akataka niliseme mwenyewe mbele ya wazee wa mtaa, shauri lifungwe.

Binti yangu anafundisha fizikia sekondari. Nilipomwambia, alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Baba, nyota haizimiki hivi hivi."

Akanieleza. Nyota kubwa, yenye uzito wa majua manane au zaidi, huwaka katikati, na moto ule ndio unaosukuma nje na kuubeba uzito wake. Siku kiini kinapogeuka chuma, moto hauna tena cha kuunguza. Kiini kinaporomoka, kufumba na kufumbua, chembe zake zinabanwa mpaka hakuna nafasi. Sehemu ya nje inalipuka. Inabaki nyota ya nyutroni: upana wake kama kutoka hapa hadi Tongoni, kilomita ishirini hivi, uzito unazidi wa jua letu.

"Na uzito huo una mwisho?"

"Unao, Baba. Majua mawili na ushei, wataalamu bado wanabishana. Ukipita hapo, hakuna cha kuizuia. Inadidimia yote, hata mwanga hautoki."

Niliishia darasa la nne, lakini kubebeshwa kupita kiasi nakujua.

Ijumaa, baada ya swala, nikawaambia wazee: "Nyota ya mke wangu haikuzimika. Ilibebeshwa ghorofa." Nikawataja wote watatu kwa majina, na mchanga nikautaja.

"We bwana wa darasa la nne," mwenye nyumba akasema, "tangu lini umekuwa mnajimu?"

Wakacheka. Mzee mmoja akasema basi, shauri limefungwa, tumsomee marehemu Fatiha, tutawanyike. Wakainua mikono. Mimi yangu niliiacha magotini, na hiyo ndiyo Fatiha pekee ya mke wangu ambayo sikuisoma.