Shekinah wa Turffontein

Damien, mume wa Victoire, ni jirani yangu hapa ugenini, mtaa wa Bellevue, ukuta kwa ukuta, na jiko tunachangia. Mkongo mpole mpaka anakera. Ukimkanyaga, yeye ndiye anaomba radhi. Kazi yake ni mawe ya makaburi. Kule mtaa wa Turffontein kuna kanisa la kale la Waingereza, na makaburi ya uani kwake yana mawe meusi bapa, jiwe lile lile la vibao vya shule za zamani. Waliyaleta kwa meli kutoka kwao, yamechongwa maua, malaika na herufi za madoido. Lakini jiwe hilo likizeeka hubanduka ganda kwa ganda, na jina huenda nalo. Damien huyachonga upya majina ambayo bado yanasomeka. Yasiyosomeka ameambiwa asiyaguse.

Sasa, pembeni kuna kaburi dogo la mtoto. Jina limefutika lote, kabaki malaika peke yake. Damien alilizungukazunguka wee. Yeye na Victoire walifiwa na binti yao njiani wakija huku. Wakamzika kando ya barabara huko Zambia, lori likapiga honi, wakapanda. Hata kijiti hawakusimika. Basi mwanamume akashika patasi, akachonga: SHEKINAH.

Aliponisimulia nilimjia juu. "Damien, una wazimu? Lile kaburi la wenyewe."

Akanijibu taratibu, "Mama Fauzia, na wangu alale wapi?"

Nikaendelea kuosha sufuria.

Tangu hapo Victoire akawa hapati usingizi. Akifumba macho tu, anamwona mtoto kasimama mlangoni. Hasemi kitu, anatazama. "Si wangu," aliniambia tukimenya viazi. "Wangu angeniita." Mimi mtu wa Tanga, mambo hayo siyachezei, nikawa sipiti koridoni bila kusoma Ayatul Kursi. Mwisho Victoire akamwambia mumewe alitoe lile jina, amrudishie mwenyewe jiwe lake. Damien akakonda. Alisema ni kama kumzika binti yake mara ya pili.

Jumamosi wakaniomba niwasindikize. Damien alipiga magoti, akaweka patasi juu ya herufi ya kwanza, akainua nyundo. Mkono ukagoma. Alilia bila kujificha, nami na ukali wangu wote nikalia. Victoire alikuwa akipitisha kidole kwenye jiwe, chini ya jina, pale palipobaki patupu.

"Acha," akasema. "Huyu mwingine jina lake hatulijui. Andika tu hapa: na mwenzake."

Damien akachonga mpaka jua likaondoka uani. Alipomaliza, Victoire aliinama, akapangusa vumbi kwa khanga yake, akasema kwa sauti ya mama aliyechoka na kazi za siku:

"Mulale sasa. Na musivutane blanketi."