Dirisha la Chumba cha Mzazi

Dirisha la chumba cha nyuma nililing'oa mwenyewe, wiki ambayo binti yangu alikuwa anakuja kujifungulia kwangu. Baridi ya Juni hapa Tunduma haina mchezo, na mzazi lazima alale penye joto. Kwa watu wetu maana yake ni jiko la mkaa ubavuni mwa kitanda.

Jiko hilo nalijua. Lilimuua mume wangu chumba hichohicho. Alikuwa na homa, tukamwachia kitanda na jiko, mimi nikalala mkekani, kichwa kwenye upenyo wa mlango. Ule upenyo ndio ulioniponya, nikazinduka hospitali. Yeye hakuzinduka. Wakasema karogwa, wakamsingizia mama wa watu, jirani, mpaka akahama. Aliyeanzisha maneno hayo ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Na ndiye aliyekuwa amelipigilia dirisha ubao kwa misumari, ati wezi wa mpakani, kisha akaziba nyufa zote kwa magunia. Nasema bila kuogopa: ni yeye na misumari yake, pamoja na moshi wa mkaa usioonekana.

Dirisha nililoleta lilikuwa limetumika. Nililipata kwa mtu aliyebomolewa nyumba barabara ilipopanuliwa: fremu ya mninga, mabawa mawili, nondo zake tayari. Nondo nilizitaka makusudi. Mwizi abaki nje, hewa iingie.

Nikachokonoa udongo kwa tindo kuzunguka fremu ya zamani hadi ikalegea, nikaiangusha uani na ubao wake, bado vimegandana kwa misumari. Fremu yangu ikawa nyembamba kuliko tundu. Nilikuwa napanga vipande vya tofali vya kujazia ndipo shemeji akafika, na gunia la mkaa juu ya baiskeli.

"Wa mzazi huo," akasema. "Shemeji, si ungeniita? Hii kazi ya wanaume."

"Mwanaume alishaifanya. Mimi narekebisha."

Akacheka kidogo, akatazama pembeni. "Yale Mungu alishayapanga."

"Mungu hakushika nyundo."

Nikampa nyundo. "Haya, ng'oa hiyo misumari yako. Ubao nautaka bandani kwa kuku."

Akachutama. Misumari ilikuwa imeshika kutu, ikitoka inalia. Alitoa jasho na baridi yote ile.

"Niliwaogopea wezi, shemeji."

"Wakachukua nini?"

Alipomaliza akaja kunishikia fremu bila kuitwa. Nilining'iniza nati kwenye uzi, nikaangalia kama fremu imesimama wima.

"Kushoto. Kushoto kwako, siyo kwangu. Hapo, usitikisike."

Nikabana kwa tofali, nikapiga udongo wa saruji, tukaegemeza miti mpaka ukakauka.

"Sasa mtoto si atapigwa na upepo?" akauliza, akinawa mikono.

"Atapigwa. Humu ndani hajafa mtu kwa upepo."

Gunia lake nililiweka jikoni, nje.

Binti yangu alijifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya kwanza alilalamika, "Mama, fungeni basi, nasikia baridi." Nikamwongezea blanketi, nikafunga bawa moja. La pili nikaliacha.

Shemeji alikuja kumwona mjukuu. Akamkuta mzazi kajifunika hadi kidevuni, na jiko liko uani linachemsha maji ya kumkanda. Upepo ukalirudisha bawa lile lililo wazi, likajifunga. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto, nisingeweza kuinuka. Nikamtazama yeye. Sijamsamehe, na siku hiyo sikuwa nimepanga kumsamehe.

Akasimama. Akalisukuma bawa hadi mwisho, akatafuta cha kulizuia, akakosa. Akavua kofia yake, akaikunja, akaibana pale kwenye bawaba.

Nikamwambia, "Kaa basi, umpakate."

Akampakata, kichwa wazi, upepo ukimpiga.